Shangazi, tangu nimwachishe mtoto ziwa simjui huyu ninayemwona kwenye kioo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 27, fundi cherehani hapa Tanga. Nina binti mmoja wa mwaka mmoja na miezi minane. Huwa nasoma unavyowajibu wenzangu, na leo nimeona nilete langu, maana kila ninayemweleza ananiambia, "Ndiyo uzazi huo, utazoea."

Miezi mitatu iliyopita nilimwachisha mtoto ziwa. Sikuwa nimejipanga. Mume wangu ni dereva wa lori, na aliporudi kupumzika mama mkwe akaja kutoka Pangani akaniambia sasa basi, nitambemenda mtoto, yaani tendo la ndoa huku nanyonyesha litamdhoofisha. Alikuja na shubiri kabisa, akanipaka kwenye chuchu. Siku ya kwanza mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Ya pili akawa anasogea, anaonja, anakunja uso, anageukia ukutani. Ya tatu hakuomba tena. Mimi matiti yakajaa yakawa kama mawe, nikapata homa, nikafungwa kanga kifuani ikakazwa. Baada ya wiki yakanywea. Wiki hiyohiyo nilikwenda kliniki nikawekewa kijiti cha uzazi wa mpango.

Kama mwezi hivi baadaye, uso ukaanza. Chunusi kubwa, zenye maumivu, zote kidevuni na kwenye taya mpaka chini ya sikio. Sikuwahi kuwa nazo hata nilipokuwa msichana. Mabaka niliyoyapata nikiwa mjamzito, ambayo yalikuwa yamefifia, yamerudi kwenye mashavu na juu ya mdomo. Nywele za mbele zinatoka kila nikichana. Usiku naamka shuka limelowa jasho. Siku zangu zinakuja ovyo, matone matone hata siku kumi. Nguo zangu mwenyewe nimezifumua pembeni nikaziongeza. Juzi mteja alikuja kuchukua gauni, mtoto wake mchanga akalia, na mimi nikahisi maziwa yanashuka, blauzi ikalowa mbele yake. Miezi mitatu, Shangazi!

Dukani kwangu kuna kioo kirefu cha wateja. Kinanitazama kutwa. Jirani mmoja akaniuzia krimu kwenye kikopo cheupe kisicho na maandishi, akasema inachanganywa na mtu anayejua. Wiki ya kwanza uso ukawa laini, ukang'aa, kila mtu akanisifia. Wiki ya tatu ikaisha nikaacha, na ndani ya siku nne uso ukawaka: mwekundu, unauma nikinawa, vipele vidogo vidogo kila mahali. Nimerudi kwa jirani, ananiambia ni kwa sababu nimekatisha, ninunue kingine.

Naombeni ushauri. Nirudi kwenye krimu ile? Nikatoe kijiti? Na mume wangu, ambaye hana ubaya, ameniuliza kwa simu mbona nimebadilika, silali, nalia kwa mambo madogo. Sikujua nimjibu nini. Halafu kuna kigololi ziwa la kushoto, kama punje ya hindi, hakiumi. Nadhani ni maziwa yaliyobaki.

Mama wa Tanga

*

Marahaba mwanangu, pole sana, na ahsante kwa kunieleza bila kuficha.

Nitaanza na ulipomalizia. Uso umeupa barua nzima, kigololi umekipa mstari mmoja. Mimi nakitanguliza. Huenda ni kweli ni maziwa: mtoto akiachishwa ghafla, mrija mmoja ukiziba, maziwa hukusanyika yakafanya kifuko kinachoteleza chini ya vidole. Kwa mama aliyetoka kunyonyesha hilo ni jambo la kawaida, na vivimbe vingi vya namna hii havina madhara. Lakini si mimi wala wewe wala jirani anayeweza kulisema hilo kwa kukadiria. Kivimbe chochote cha ziwa kinachokaa zaidi ya wiki mbili baada ya maziwa kupungua kinatakiwa kushikwa na mtu aliyesomea na kupigwa ultrasaundi. Nenda wiki hii. Ukianzia zahanati, omba rufaa. Hapo Tanga mnayo hospitali ya mkoa, Bombo. Usiendelee kukiminya ili kuona kama kimepungua. Ukiona ngozi juu yake inabonyea kama ganda la chungwa, chuchu imevutwa ndani, inatoka damu, au kuna kingine kwapani, usingoje hata wiki kwisha.

Sasa tuje kwenye mengine.

Ulipokuwa unanyonyesha, homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, ilikuwa juu. Prolaktini ikiwa juu huzituliza ovari, na homoni ya kike, estrojeni, nayo hukaa chini. Mtoto akipunguza kunyonya kidogo kidogo, prolaktini hushuka ngazi kwa ngazi, ovari huamka taratibu, mwili unapata muda wa kujipanga. Wewe uliteremshwa ngazi zote kwa siku tatu. Estrojeni ikaanza kupanda na kushuka bila mpangilio, na katikati ya vurugu hiyo zile homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, zikapata nafasi ya kuonekana. Hizo ndizo zinazoziamrisha tezi za mafuta za ngozi. Mafuta yakizidi, vinyweleo vinaziba, chunusi zinatoka, na kwa mwanamke mtu mzima hupenda kutoka hapohapo ulipopataja: kidevu na taya. Huna uchafu usoni, na hukukosea chakula.

Kijiti nacho kina mkono wake. Ndani yake mna homoni iitwayo projestini, na kwa baadhi ya wanawake huleta chunusi au huzidisha zilizopo. Hayo matone ya siku kumi kumi ni tabia yake pia, hasa miezi ya mwanzo. Lakini kijiti na kuachisha ziwa vilikuja wiki moja, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia leo kipi kimeleta kiasi gani. Ushauri wangu: usikitoe kwa hasira. Tibu uso, hesabu miezi mitatu mingine. Kama bado hujaridhika, kitolewe, na hakuna anayepaswa kukubembeleza ubaki nacho. Kutolewa ni haki yako siku yoyote. Ipo njia isiyo na homoni kabisa, kitanzi cha shaba. Ila usitoe kimoja kabla hujachagua kingine, maana yai linaweza kupevuka hata kabla hujaona siku zako, na wengi wamekuja kugundua mimba wakidhani bado "maziwa yanawakinga". Kinga ya kunyonyesha inategemewa tu mtoto akiwa chini ya miezi sita, ananyonya mchana na usiku bila kupewa kitu kingine, na mama hajaona siku zake. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Kuhusu krimu ya kikopo, jibu langu ni hapana, na ningekuwa karibu yako ningekuja kukitupa mwenyewe.

Ulichopaka ni mkorogo, na ulivyokieleza ndivyo mkorogo unavyofanya kazi. Siku za mwanzo uso unatulia na kung'aa kwa sababu mara nyingi humo ndani mna steroidi kali, kama klobetasoli, dawa ya hospitali ambayo daktari akikupa hukupa kwa muda mfupi na hukukataza kuipaka usoni. Inazima uvimbe kama mtu anavyozima kengele ya moto huku moto ukiendelea. Ngozi inazoea, inakonda, mishipa inaanza kuonekana. Ukiacha, kila kilichokuwa kimezimwa kinarudi kwa pamoja. Mwekundu ule, kuchoma ukinawa, vipele vidogo vidogo: hiyo ni ngozi inayodai steroidi. Jirani anakwambia ni kwa sababu umekatisha, na hapo amesema nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba kikopo cha pili kitakupeleka kwenye cha tatu. Nimewaona wanawake waliofika cha ishirini, na hao ngozi yao haifurahishi kuielezea.

Mikorogo mingine huwekwa haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, bila kipimo, au zebaki. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaingia mwilini, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu, na haikai kwa aliyejipaka tu. Binti yako analala shavu lake kwenye shavu lako, anakushika uso kisha anatia vidole mdomoni. Kikopo kisicho na maandishi hakikwambii ni kipi kati ya hivyo kimo.

Kwa kuwa ulipaka wiki tatu tu na usoni tu, unaweza kuacha mara moja. (Msomaji mwingine uliyepaka mwili mzima kwa miezi au miaka, wewe usiache ghafla; mwili unaweza kuwa umeitegemea hiyo steroidi ukaacha kutengeneza ya kwake. Mwone daktari akupunguzie.) Uso utakusumbua wiki kadhaa. Utavumilia, nami najua ni rahisi kwangu kusema. Nawa kwa sabuni isiyo na manukato asubuhi na jioni, kwa vidole, usisugue. Paka mafuta mepesi ya mgando ukihisi umekauka. Ndimu, dawa ya meno, majivu, vyote viache. Na mafuta ya nazi, najua Tanga hayakosekani nyumbani, yapake miguuni na kwenye nywele. Usoni kwako kwa sasa yanaziba. Ikifika wiki mbili uso bado unawaka, nenda kliniki ya ngozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa kanda nzima, na waliosomea huko wametawanyika mikoani, kwa hiyo uliza hospitalini kwenu kwanza kabla ya kupanda basi.

Uso ukishatulia ndipo uanze kutibu chunusi zenyewe. Duka la dawa litakuwa na krimu ya benzoili peroksaidi. Chukua ya asilimia 2.5 au 5. Paka utandu mwembamba usiku, siku moja ndiyo moja hapana, mpaka ngozi izoee. Na hapa nakuonya kama fundi: hiyo dawa inapausha kitambaa. Ikibaki kidevuni au mikononi ukashika vitenge vya watu, utalipa. Paka ukishafunga kazi, nawa mikono vizuri, tumia foronya nyeupe. Usitazamie mabadiliko kabla ya wiki sita mpaka nane. Dawa nyingine zenye nguvu zaidi zipo, lakini baadhi yake zina hatari kubwa kwa mimba, hivyo hizo ni za kuandikiwa na daktari.

Mabaka yanalishwa na vitu viwili, homoni na jua, na kati ya hivyo ulio na uwezo nao leo ni jua. Losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi kila asubuhi, hata siku ya mawingu, pamoja na mtandio au mwavuli ukitoka. Kama cherehani yako iko barazani, igeuze jua lisikupige shavu moja kutwa nzima. Yatafifia, lakini kwa miezi, si kwa wiki.

Nywele hazina kisa kirefu. Mwili ukipata mshtuko, nywele nyingi huingia kupumzika kwa pamoja, kisha huanguka miezi miwili au mitatu baadaye. Hesabu tangu ile siku ya shubiri, utaona zinaanguka kwa wakati wake. Huota tena. Usisuke zikavuta kwenye paji, basi. Ila kwa kuwa kuna nywele, jasho la usiku, uchovu na kilo kwa pamoja, ukienda kwa ajili ya kigololi omba wakupime na wingi wa damu, na tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo. Baada ya uzazi tezi hiyo huvurugika kwa baadhi ya wanawake, na dalili zake zinafanana na zako kiasi kwamba wengi hawajui wanaumwa. Jasho pekee, lisilo na homa wala kukohoa, mara nyingi ni hiyo estrojeni inayoyumba. Likija na homa au kikohozi, wapimwe mapafu yako pia.

Na kilo? Kutengeneza maziwa kunakula nguvu nyingi, katika miezi ya mwanzo hata kalori 500 kwa siku, karibu chapati mbili. Maziwa yamesimama, njaa haijapata habari. Itapata.

Maziwa kushuka kwa kilio cha mtoto wa mwenzio, mwanangu, usione haya. Ni homoni nyingine hiyo, oksitosini. Sikio linasikia, ubongo unaachia, kifua kinaitika bila kukuuliza. Matone yanaweza kuendelea kwa miezi. Usiwe unakamua kuangalia kama yapo, kwa kuwa kila ukikamua unauambia mwili uendelee. Weka kitambaa safi ndani ya sidiria. Kama yatakuwa yanamwagika yenyewe, ukaumwa kichwa na macho yakaingia ukungu, hapo mwone daktari.

Nataka niseme neno juu ya mama mkwe, kwa heshima. Wazee wetu hawakulitunga jambo la kubemenda hewani. Waliona mtoto anayenyonya, mama akashika mimba nyingine, mtoto akadhoofu, tumbo likatoka, miguu ikawa kama fito. Walichokiona kilikuwa kweli. Lakini aliyemdhoofisha hakuwa baba kurudi nyumbani. Ilikuwa njaa ya mtoto aliyekatwa ziwa ghafla na kuachiwa uji mweupe. Tendo la ndoa haliingii kwenye maziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye mpaka miaka miwili au zaidi, na Kurani nayo inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha, kwa hiyo kama mama mkwe ni mtu wa dini mna mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo. Binti yako sasa mpe maziwa, yai, dagaa waliosagwa, maharage, parachichi, mara nne tano kwa siku, na kadi yake ipeleke akapimwe uzito.

Nanyi wenye watoto wanaokaribia kuachishwa: ondoeni zamu moja ya kunyonya kwa siku, kaeni siku nne tano au wiki, ndipo muondoe nyingine. Ile ya kulalia iwe ya mwisho. Ziwa likijaa, kamua kidogo tu mpaka nafuu, weka kitambaa cha maji baridi. Kanga ya kukaza haikaushi maziwa, inabana mirija. Homa ikija na sehemu ya ziwa iliyoiva wekundu na kuuma, hospitali.

Limebaki la kulia. Prolaktini na oksitosini zikiporomoka, moyo nao huporomoka kwa wanawake wengi, na hakuna anayewaambia kabla. Tena wewe hukupata hata nafasi ya kumuaga mtoto ziwani. Kwenye barua yako hujaandika kwamba ulihuzunika, umeandika jinsi alivyogeukia ukutani. Nadhani hapo ndipo pazito. Mara nyingi hupungua lenyewe ndani ya wiki chache, lakini kwako zimeshapita wiki nyingi na hulali. Mweleze daktari hilohilo, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia. Na likija wazo la kujidhuru, usingoje miadi, nenda siku hiyo na mtu.

Mume wako kauliza mbona umebadilika. Mjibu hivi: "Mwili unarudi kutoka kwenye kunyonyesha, umerudi kwa kishindo, na kuna kivimbe kinatakiwa kupimwa." Kisha mpe siku. Kama ratiba ya lori inaruhusu aje mwende wote, ambebe mtoto pale nje wakati wewe uko ndani kwenye kipimo. Na jioni ukifunga duka, kitupie kile kioo kanga. Mteja akija kujaribu gauni utakifunua.

Niandikie wakishakupima.

Shangazi